Joram Racham na Besi Iliyopinduliwa

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Kama uko jikoni, punguza moto. Kama uko dukani, mwambie mteja akuvumilie kidogo. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmecheza muziki wake bila kujua jina lake. Mpiga besi ndivyo alivyo. Watu humkumbuka mwimbaji, humkumbuka mpiga solo, wakamsahau yule aliyewatikisa viuno.

Jina lake Joram Odongo. Sisi wa Kisumu tulimwita Joram Racham. Racham, kwa Kijaluo, ni mtu wa mkono wa kushoto. Joram alikuwa mashoto. Lishikeni hilo, kwa sababu kisa chote cha leo kimeegemea hapo.

Ametutoka mwezi uliopita, nyumbani kwake Ahero, akiwa na miaka sitini na minane. Alikunywa chai ya asubuhi, akasema anajinyoosha kidogo, na hakuamka. Familia inalia, na ina haki ya kulia. Lakini binti yake Maryanne, yule mwenye duka la dawa hapa mjini, alituambia neno lililotushangaza.

"Nina majonzi, sikatai," alisema. "Lakini roho yangu imetulia. Ningemzika baba kabla ya ile siku ya hospitali, nisingetulia maisha yangu yote."

Siku gani hiyo ya hospitali? Haraka ya nini? Tutafika.

Joram alikulia mtaa wa Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji. Nyuma ya nyumba yao vijana walikuwa wakifanya mazoezi ya muziki wa benga. Yeye hakuwa na gitaa. Aliazima. Na magitaa yote ya kuazima yalikuwa ya watu wa mkono wa kulia. Mwingine angekata tamaa. Joram alilichukua gitaa la mwenzake, akalipindua juu chini, akalipiga hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukilipindua gitaa, nyuzi nazo zinapinduka. Uzi mnene, ambao kwa wapigaji wengine huwa juu, kwa Joram ulikuwa chini. Uzi mwembamba, ambao kwa wengine huwa chini, kwake ulikuwa juu. Vidole vyake vilijifunza hivyo, vikakulia hivyo, vikazeekea hivyo. Miaka zaidi ya arobaini Joram Racham alipiga besi ya kupindua.

Na alikuwa na mzaha wake. "Dunia imetengenezewa watu wa kulia," alipenda kusema. "Makasi ya kulia. Dawati la kulia. Hata salamu ni ya kulia. Hakuna mtu ashawahi kunitengenezea mimi gitaa." Bendi nzima ilikuwa ikicheka. Maryanne, akiwa mdogo, aliyasikia maneno hayo hayo. Lakini yeye hakusikia mzaha. Alisikia baba yake akinung'unika, na akayaweka moyoni.

Kisha maji yakaja. Mnajua mafuriko ya Kano yalivyo, sina haja ya kuwaeleza. Yaliingia nyumbani kwa Joram kule Ahero, yakalala humo, na yalipotoka, gitaa kuukuu la kulia aliloachiwa na bendi lilikuwa limevimba na shingo imepinda. Msimu huo huo, kama kwamba maji hayakutosha, Joram akapata kiharusi. Kilikuwa chepesi, tunamshukuru Mungu. Lakini kiliupiga upande wa kushoto. Mkono wa kushoto, ndugu zangu. Ule ule uliompa jina.

Alipona polepole. Aliweza kushika kikombe. Aliweza kufunga vifungo vya shati. Je, aliweza kupiga besi? Hapo hakuna aliyejua, kwa sababu gitaa halikuwepo. Na Joram alikuwa na ahadi. Tangu Maryanne yuko shule ya msingi alimwambia, "Siku ya harusi yako mimi sitajua kutembea na suti. Nitakusindikiza na besi." Na sasa Maryanne alikuwa amepata mchumba, na harusi ilikuwa imepangwa.

Ndipo binti huyu akaamua. Baba atatengenezewa gitaa. Si la kuazima, si la kupindua. La kwake, la mkono wa kushoto kuanzia kichwani hadi mkiani.

Alikwenda kwa Amrit. Wengi mnamfahamu Amrit, yule Singasinga mwenye karakana ya makabati huku viwandani, na ucheshi wake. Amrit alikuwa hajawahi kutengeneza gitaa. Alimwambia wazi. "Dada, mimi natengeneza kabati. Lakini gitaa ni kabati ndogo yenye nyuzi. Tutajaribu."

Basi wakaagiza vipande, kimoja kimoja, kutoka ng'ambo. Shingo. Zile sumaku za kunasa sauti ya nyuzi. Chuma cha kuzishikilia nyuzi upande wa chini. Masikio ya kuzikazia upande wa juu. Na kale kapande kadogo ka mfupa kanakokaa mwisho wa shingo, kenye mifereji minne, kila uzi na mfereji wake, mnene kwa mnene, mwembamba kwa mwembamba. Vifurushi vilikuja kwa zamu, vingine vikakwama Nairobi, Maryanne akavifuata kwa simu kama mtu anayedai mahari. Mara moja wauzaji walileta shingo ya mtu wa kulia. Maryanne aliirudisha siku hiyo hiyo, tena kwa maneno makali. "Baba yangu ni wa kushoto!" aliwaandikia. "Kushoto!"

Mwili wa gitaa Amrit aliukata mwenyewe. Alikuwa na ubao wa mvule uliotoka kwenye benchi la babu yake, aliyekuwa akitengeneza trekta za miwa kule Muhoroni. Tundu moja la boliti lilibaki kwenye ubao, na Amrit alikataa kuliziba. Alisema babu naye apate pa kuchungulia.

Siku ya kumkabidhi mzee, karakana ilijaa. Gitaa lilifungwa utepe mwekundu. Joram akalifungua, akalipakata, akaliangalia kwa muda. Kisha akasema, "Erokamano, nyathina. Asante sana, mwanangu." Akamshika Amrit mkono. Akasifu ubao, akasifu rangi, akalisifu hata lile tundu. Watu wakamwomba apige kidogo. Akasema, "Nitapiga nyumbani. Wacha nilizoee."

Akaenda nalo Ahero. Hakumpigia mtu.

Wiki zikapita. Maryanne akimpigia simu, mzee anasema gitaa ni tamu kama sukari ya Muhoroni. Akimwambia apige kidogo asikie, betri ya simu inaisha ghafla. Jamani, betri ya wazee! Hatimaye mama yake, Mama Perez, akapiga simu mwenyewe.

"Maryanne," alisema, "baba yako kila jioni anajifungia kwa ghala ya mpunga na hiyo gitaa. Anapiga kama mtu anatafuta funguo kwa giza. Nimeishi na yeye tangu bendi ya kwanza. Sijawahi sikia apige hivyo. Yawa, hiyo mkono imekwisha."

Maryanne alikaa chini katikati ya duka lake la dawa. Wateja walimwona. Alijua dawa zote za baba yake kwa majina, alikuwa akimpimia mwenyewe, na alidhani amemponya. Sasa akaona amemfanyia ukatili. Amempelekea baba yake mzee kitu cha kumkumbusha kila jioni kwamba mkono wake umekufa. Na harusi ilikuwa inabisha hodi.

Alisafiri Ahero Jumamosi hiyo, akasimama nyuma ya ghala, akasikia kwa masikio yake. Noti moja. Kimya. Noti nyingine, si yake. Sauti ya mzee akijilaani kwa Kijaluo. Jumatatu asubuhi alimpandisha Joram kwenye gari, yeye na gitaa lake, apende asipende, wakaenda hospitali hapa Kisumu.

Daktari alimpima. Alimwambia aubane mkono wake kwa nguvu. Joram akabana. "Basi, mzee, basi," daktari akasema, "huo mkono ninauhitaji." Akamwambia agonge meza kwa vidole, haraka, kwa zamu. Joram akagonga, na nesi aliyekuwa akiandika akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo. Daktari akashangaa. Vidole ni vizima. Sasa kwa nini besi hailii? Akasema labda shida iko ndani ya ubongo, kwa hiyo mzee alazwe apigwe picha ya kichwa.

Hapo Joram akajikohoza.

"Daktari," akasema, "huyu mtoto akitoka nje kidogo, nitakuambia kitu."

"Sitoki," Maryanne akasema.

"Haya. Kichwa yangu muiache. Iko sawa. Mkono pia iko sawa. Ni ile gitaa. Nyuzi zimewekwa vile watu wote wanaweka. Mnene juu, nyembamba chini. Mimi sijui kupiga hivyo."

"Lakini si ni ya kushoto, baba?"

"Ni ya kushoto kabisa, nyathina. Ni mimi sio wa kushoto kabisa. Mimi ni wa kulia mwenye alipinduliwa."

Maryanne akamwangalia. Akakumbuka ile shingo aliyoirudisha kwa hasira.

"Na mbona hukusema?"

"Ningesema aje? Umehangaika mwaka mzima. Umefunga na utepe. Nikaona heri nijifunze upya, pole pole, kabla ya harusi. Nilikuwa nimeanza kushika. Wimbo mmoja. Nusu."

Wasikilizaji wapendwa, wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Huyu mzee hakuficha maradhi. Huyu alificha uzima! Alikuwa mzima wa afya, mkono wake mzima, na akaiacha familia imlilie kwa sababu ya adabu ya zawadi.

Maryanne anasema alianza kucheka akiwa kwenye kiti, akamalizia sakafuni, na katikati ya kicheko machozi yalikuwa yakimtoka kama bomba lililopasuka. Nesi alileta maji. "Nilikuwa nimebeba jiwe," alituambia. "Sikujua uzito wake mpaka lilipoanguka. Mkono wa baba ulikuwa hai. Ulikuwa hai siku zote."

Hawakupitia nyumbani. Walikwenda moja kwa moja kwa Amrit, gitaa likiwa kiti cha nyuma. Amrit aliposikia habari, alikishika kilemba chake kwa mikono miwili.

"Mzee, yawa! Umekuja hapa, umekunywa chai yangu, umesifu kazi yangu, ukaenda kulia kwa ghala?"

"Chai ilikuwa tamu," Joram akasema.

Kwenye vile vifurushi kulikuwa na kipande kingine cha mfupa, cha akiba, kisichochongwa mifereji. Amrit akakichonga hapo hapo, mfereji mpana chini, mwembamba juu. Akazihamisha nyuzi. Akakirekebisha kile chuma. Akampa mzee. Joram hakungoja watu wamwombe. Uzi mnene uliponguruma, vioo vya makabati yaliyokuwa yakisubiri wenyewe vikaanza kutetemeka, na wafanyakazi wakazima misumeno. Maryanne alisimama mlangoni akisikia baba yake yule wa zamani, yule wa Kaloleni, bila noti moja kupotea. Anasema alivuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini.

Harusi ilifanyika. Joram alisindikiza na besi, tena kwa suti. Akapiga mwaka huo wote na mwingine uliofuata, kanisani, kwenye sherehe, na ghalani kwake bila kufunga mlango. Mama Perez alilalamika kwamba sasa hapati usingizi, na alipolalamika alikuwa akitabasamu.

Kwenye maziko kule Ahero, bendi ilikuwepo lakini besi haikuwa na mtu. Gitaa la Joram liliegemezwa kwenye kiti chake. Watu wakasema liachwe, hakuna binadamu awezaye kulipiga, ni la kushoto, tena la kupindua. Ndipo Sydney akainuka. Sydney ndiye aliyekuwa mpiga solo wa Joram tangu ujana, na yeye ni wa mkono wa kulia. Akakaa kwenye kile kiti, akalichukua gitaa, akalipindua. Akatazama, akashtuka. Uzi mnene ulikuwa juu. Mwembamba ulikuwa chini. Kila uzi ulikuwa mahali ambapo mtu yeyote wa kulia angeutaka. Akapiga, na waombolezaji wakainuka kucheza kwa machozi.

Maryanne alimshika mama yake mkono akamwambia, "Mama, maisha yake yote baba alipindua magitaa ya watu. Sasa watu watapindua lake."

Mama Perez, Maryanne na mume wako, Amrit, bendi, jamaa wote wa Ahero na Kaloleni: poleni. Sisi hapa redioni tunalia nanyi, na tunamshukuru Mungu pamoja nanyi, kwa sababu mlimpata mtu wenu kabla hamjampoteza. Na wewe unayenisikiliza, jiulize. Nyumbani kwako ni nani aliyesema asante haraka haraka, kisha akajifungia? Mwendee leo. Muulize. Na kama ni wewe uliyejifungia, fungua mlango useme. Anayekupenda atalia kidogo, kisha atatafuta kipande kingine cha mfupa.

Sasa mimi ninanyamaza. Mbele yangu hapa studioni ameketi Sydney, na mapajani mwake kuna gitaa la mvule lenye tundu la boliti. Ongezeni sauti ya redio. Analipindua.