Mashine ya Hobi

Benchi la mbele ya karakana liliungwa kwa mbao zilizokataliwa na wateja, na labda ndiyo maana kila anayelikalia huanza kulalamika. Asubuhi hiyo walikuwa wanne. Mita, fundi cherehani wa mlango wa pili, utepe shingoni, mtu asiyeweza kuona kitu bila kutaka kukipima. Rimoti, fundi wa redio na televisheni, mwenye chupa ya kahawa na maneno mengi kuliko kahawa yenyewe. Mzee, mwenye karakana, mikono ameibana katikati ya magoti isionekane inavyotetemeka. Na binti yake, ambaye mtaa mzima unamwita Msasa, kwa kuwa tangu akiwa mdogo walimzoea akisugua mbao ambazo baba yake amekwisha kuzichonga.

Kilichowakalisha ni simu ya Msasa. Ndani yake mlikuwa na picha za mashine mbili za kuchonga kwa kompyuta, moja ndogo na moja kubwa: unaipa mchoro, unafunga ubao mezani pake, kisu kinazunguka na kuchonga chenyewe. Muuzaji alisema angepiga saa nne kuuliza anataka ipi.

Na Msasa alitaka, si mchezo. Tangu mikono ya Mzee igome, vitanda vinatoka humu vichwa vitupu. Wateja wanaulizia lile ua alilokuwa akilichonga katikati ya ubao wa kichwani. Wakisikia halipo, wanasema watarudi, kisha wanavuka barabara kuingia duka la samani zilizoletwa na meli. Wiki ile pekee walivuka watatu. Msasa aliwasindikiza kwa macho mmoja mmoja. Lakini si wao waliomkosesha usingizi. Alilikumbuka ua lile likitokea mbaoni, maranda yakijikunja mbele ya patasi, na yeye pembeni na kipande chake cha msasa akingoja zamu.

Mita aliisogeza simu mbali na macho, akasoma polepole.

— Hii ndogo wameiandika "mashine ya hobi". Hobi ni kampuni ya wapi?

— Si kampuni, alisema Rimoti. Hobi ni mtu anayefanya kazi akiwa ameshashiba.

— Mtu gani huyo?

— Hayupo mtaani kwetu.

Walicheka, isipokuwa Msasa. Neno lile lilimkera tangu alipolisoma mara ya kwanza. Wenye kutengeneza mashine waliwagawa wachonga mbao wote wa dunia mafungu mawili, wa hobi, yaani wa kujifurahisha, na wa kiwanda. Sasa mtu aliyelea watoto wanne kwa patasi, akiwa na chumba kimoja na mlango wa bati, wanamweka wapi? Mashine ya kiwanda ilitaka umeme mwingine kabisa na chumba kikubwa kuliko karakana nzima. Ya hobi ingekaa vizuri kwenye meza ya pembeni. Ila meza yake ya kufungia ubao ilikuwa sentimita thelathini kwa arobaini tu.

Majuma matatu alikuwa amesoma. Alijua mota ipi huchemka kwenye mbao ngumu, alijua fremu ipi hucheza kisu kikikaza. Hakuna aliyemuuliza. Wanaume wawili ambao hawajawahi kushika hata randa walikuwa wakibishania mashine yake juu ya kichwa chake, na kila alipofungua mdomo mmoja alimmiminia kahawa.

Mita alikuwa ameshavua utepe na kuupima ubao wa kitanda uliosimama mlangoni. Kwa hesabu yake hauingii mezani pa mashine, kwa hiyo dawa ni kuukata vipande vinne, kila kipande kichongewe robo ya ua, kisha gundi. Msasa alimwambia kwa adabu kwamba mbao hupumua, na kwamba ua lenye msalaba katikati mteja angedhani ni la jeneza. Mita hakutetereka. Basi vitanda vipunguzwe, alisema. Watu siku hizi wanalala kwa ubavu, upana wote ule ni wa nini?

Rimoti aliona hayo ni madogo. Yeye alikuwa na hakika kwamba mashine ya hobi imetengenezewa Jumamosi tu, kwa sababu ndiyo siku ya watu wa hobi, na ukiibebesha kazi Jumatatu inajizima kwa makusudi. Hilo lilipopita bila kupingwa, akapandisha jingine. Mashine hizi zimeungwa na mtandao. Ukichonga ua leo, kesho linajulikana ng'ambo, na mwezi ujao linashuka melini likiwa juu ya vitanda mia, linaingia duka lile pale.

Mzee aliitazama barabara, akatazama duka.

— Ua litakuja limekufa, alisema.

Msasa alisubiri aendelee.

Ndipo akatokea mama mmoja, mgeni mtaani, amebeba kiti kilichochomoka mguu. Msasa alikipokea, akakipindua magotini, akapitisha kidole kwenye tundu la kiungo. Akakwangua gundi kuukuu kwa kisu chembamba, akachonga kijiti cha kuziba nafasi, akakipunguza, akakijaribu, akakipunguza tena unywele, kikaingia kwa kubembelezwa. Mkono haukukimbia wala kusita. Mama yule alimtazama mpaka mwisho, huku Mita akimweleza, bila kuombwa, habari yote: ua, mikono ya Mzee, wateja wanaovuka, mashine ndogo na mashine kubwa.

— Sasa mashine ni ya kuchonga lile ua, alisema yule mama.

— Ndiyo.

— Kwa kuwa mzee hawezi tena.

— Ndiyo hivyo, mama.

— Na huyu binti mikono yake ina nini?

Mita alishika utepe. Rimoti aliitikisa chupa kama mtu anayesikiliza kama mna kitu. Msasa aliinamia kiti na kuifuta gundi ambayo alikwisha kuifuta. Miaka mingi alilibeba swali lile. Baba alimfundisha kuranda, kupiga vipimo, kuunga bila msumari. Kuhusu ua alimwambia bado. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alimwambia bado. Kaka yake alipofunga mizigo na kuondoka, akisema hataki vumbi, bado. Na yeye hakuuliza bado ya nini, maana jibu alilijua: ua lilingoja mkono wa mtoto wa kiume. Alitaka tu, hata mara moja, aitwe asogee.

— Nilikuwa nangoja, alisema Mzee.

— Ulikuwa unangoja nini, Baba?

Yule mama aliona afadhali achukue kiti chake. Alishukuru kwa sauti ya chini akaenda. Rimoti aligeuza chupa juu ya kikombe, likadondoka tone moja.

Mzee aliitoa mikono katikati ya magoti, akaiweka mapajani, penye mwanga, ikitetemeka mbele ya watu.

— Linaanzia katikati, alisema.

— Nini, Baba?

— Ua. Watu hudhani linaanzia kwenye petali. Linaanzia katikati, pale nyuzi za mbao zinapogeuka. Kwanza unazitafuta kwa kidole gumba.

Mfukoni mwa aproni ya Msasa simu ilianza kuita. Mita alimwashiria kwa nyusi: muuzaji. Msasa hakuigusa. Hakugeuza hata shingo. Aliogopa akijitikisa kidogo tu, baba yake atanyamaza.