Katibu Aliyerudi na Jembe: Kumkumbuka Mzee Protus Shitanda

Wasikilizaji wapendwa, nawasalimu nyote, mlio mashambani, mlio sokoni na mlio vitandani mkiugua. Leo tunamkumbuka Mzee Protus Shitanda. Mzee Protus alifariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake, karibu na Isecheno, akiwa na umri wa miaka themanini na minne. Alikuwa katibu wa kwanza wa Chuo cha Shikhambi, ambacho leo ni chuo kikuu. Ndiye aliyeandika mpango wa chuo hicho. Tena aliuandika mara mbili, na heshima yake yote imo katika ile mara ya pili.

Ilikuwa mwaka wa 1965. Uhuru ulikuwa na umri wa mtoto anayejifunza kusema. Wananchi walikwisha kutoa ardhi, mawe na mbao ili wapate chuo chao. Serikali ilidai jambo moja: mpango wa miaka kumi, wenye ushahidi kwamba wenyeji wameulizwa maoni. Bila mpango, hakuna kibali.

Bwana Protus akapanda baiskeli. Alizunguka kutoka Mumias hadi Matete. Aliingia nyumba kumi na tisa, akauliza, akaandika. Nyumba zote kumi na tisa zilisema mpango ni mzuri. Kamati ya chuo ilifurahi, na mpango ukapigwa chapa.

Aliyeona kasoro ni mkewe, Mama Jael, ambaye leo ni mjane. Anasema alimwuliza mumewe alikula nini huko alikopita. Akajibu kwa fahari kwamba alichinjiwa kuku kila nyumba.

"Nikamwambia, Baba Lazarus, basi umekuwa mgeni mara kumi na tisa. Aliyechinjiwa ingokho, kuku wa mgeni, habishiwi. Nani atakukosoa na firigisi iko mdomoni mwako?"

Mama Jael anasema mumewe aliusoma tena mpango wake kwa siku mbili. Siku ya tatu alisimama mbele ya kamati, akaomba mpango wake mwenyewe uondolewe. Wasikilizaji wapendwa, lipimeni jambo hilo. Mpango ulikuwa tayari. Afisa wa elimu angefika baada ya wiki tatu. Mwenyekiti, Mzee Sylvanus, alimwuliza kama anataka kukizika chuo kabla hakijazaliwa.

Bwana Protus akajibu, "Mwenyekiti, humo nimeandika jinsi watu walivyonikaribisha. Wanavyokitaka chuo chao, bado sijui."

Kamati ikampa wiki hizo tatu. Akishindwa, yeye hana kazi na chuo hakina kibali.

Alirudi njia ile ile, safari hii na jembe limefungwa kwenye baiskeli. Hakukaribia meza ya mtu. Alikwenda moja kwa moja shambani, akaomba apewe mstari, akapalilia. Alikuwa amefahamu kwamba mtu unayetoka jasho pamoja naye si mgeni tena.

Kule Matete alipalilia na mkulima mmoja, Mama Teresa Navalayo. Mama huyo alimtazama kitambo, kisha akamwuliza, "Karani, unapalilia au unachora ramani? Hayo ni mahindi yangu unayokata." Walicheka wote wawili. Walipofika mwisho wa mstari, Mama Teresa akayasema yaliyomkaa moyoni.

"Ulipokuja kula nilikuambia mpango ni mzuri. Sasa sikia. Masomo yenu yanaanza saa mbili asubuhi. Saa mbili mimi niko hapa. Mawe nimebeba, lakini mlango hamkuniwekea."

Ndivyo ilivyokuwa kila alipopalilia. Waislamu wa Mumias waliomba adhuhuri ya Ijumaa iachwe wazi kwa sala. Familia zilizohamia mashamba yaliyoachwa na Wazungu huko Lugari zilitaka karakana ya kutengeneza matrekta. Akina mama walitaka darasa la saa nane mchana, pamoja na kisomo kwa wasiojua kusoma. Hakuna hata moja la hayo lililokuwamo katika mpango wa kwanza. Yote yaliingia katika ule wa pili.

Siku ya afisa ikafika. Watu walijaa uwanjani. Afisa aliusoma ukurasa wa darasa la saa nane, akauliza ni nani aliyeandika jambo geni namna hiyo. Kabla katibu hajafungua kinywa, Mama Teresa alisimama.

"Mimi nilisema, yeye akaandika. Ukitaka kuupunguza mpango huu, zungumza na mimi."

Afisa aliinamisha kichwa, akatabasamu, akatia sahihi. Mzee Sylvanus mwenyewe ndiye aliyeanza kupiga makofi. Wanafunzi wa kwanza walikuwa mia moja na arobaini, na sitini kati yao walikuwa akina mama wa saa nane. Mimi ninayesema nanyi nilijifunza kusoma katika darasa hilo miaka mingi baadaye, nikiwa na watoto wanne.

Kwa Mama Jael, kwa mwanawe Lazarus na kwa jamii yote ya Shitanda, tunatoa pole zetu. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji, mnaopanga shule, zahanati au hata ratiba ya nyumba zenu, tafakarini: wale mnaowapangia, mmewaendea kama wageni, au kama wenzao?

Mazishi ni kesho asubuhi. Chuo kilitaka kufunga madarasa siku nzima kwa heshima ya marehemu. Mama Jael amekataa. Amesema mazishi yatakwisha saa saba, ili watu wa saa nane wawahi darasani.