Kinamasi Msikiguse

Sogeeni, wanangu, wewe Mogire kifungua mimba na wewe Onsongo kitinda mimba, na wake zenu waingie pia, wasisimame mlangoni kama wageni, maana jambo lenyewe ni lao kuliko lenu.

Shamba nimewagawia kama baba yenu alivyogawiwa, vipande vinavyoshuka kutoka kilimani, Mogire upande wa migomba, Onsongo upande wa majani chai pamoja na nyumba hii yangu. Lakini msifike majini. Ile miti ya mitembe niliyoipanda kukata mteremko, mkadhani mama yenu amerukwa na akili kuweka mpaka uliolala, hapo ndipo vipande vyenu vinaishia. Kinamasi ni cha wote, na hakigawanywi.

Najua, Mogire, unataka kuchimba mtaro ukikaushe, upande mikaratusi kama jirani yetu Nyangau. Alijisifu pale sokoni Kebirigo kwamba amejipatia shamba jipya bila kugombana na mtu. Mikaratusi ikanywa, chemchemi yake ikafa, na sasa mkewe Bathsheba huja kwetu na debe kichwani. Mimi humwambia, "Teka, mama, lakini mwambie mumeo akukamulie mti." Hucheka, maskini, kisha huteka.

Mnaniuliza vyura wana faida gani. Na wewe Mogire, unapolala mchana kutwa, una faida gani? Nimewavumilia nyote, wewe na vyura. Mafunjo yale huchuja matope ya mashamba yetu, kambare huzaana humo, na pale katikati, kwenye kile kisiwa kidogo cha nyasi, korongo wenye taji hulea vifaranga. Matete ya kuezekea kateni pembeni, vifaranga wakisharuka. Kisiwani asikanyage mtu. Nanyi wake zao, atakayeshuka huko na jembe, asipikiwe.

Mimi nimeridhika. Nimelima, nimezaa, nimegombana na kila aliyestahili.

Pumzi inakatika... Mogire, chukua mtungi. Wewe, si mkeo. Hujateka maji tangu nikuzae. Nenda ukaone yanakotoka. Ukirudi nikiwa macho, nitakunywa. Ukinikuta nimenyamaza, nioshwe kwa hayo hayo. Baraka naitoa sasa, nisije nikachelewa: Mungu awape watoto, awape shibe, na maji yasiwapungukie... nyote...

Nenda basi. Polepole, kuna utelezi. Na usiwashtue... korongo.