Kufuli la Watu Wanne

Benchi la kijiwe hiki lina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa tofali, nalo limeegemea ukuta wa studio ya Picha, mpiga picha wa mtaa. Wanaolikalia ni wale wale kila siku. Yupo Gundi, fundi viatu, ambaye hushona huku anabisha na hubisha huku ana misumari mdomoni. Yupo Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, anayeweza kumwacha mteja na nusu kichwa akisikia mada imenoga. Na yupo Karani, mstaafu wa ofisini, asiyeweza hata kuomba sukari bila kuanza na "kwa mujibu wa". Bi Moto anawauzia kahawa na anawavumilia. Leo lakini kahawa inapoa vikombeni, kwa sababu katikati ya benchi imewekwa kompyuta ya Picha, kioo cheusi, herufi nyeupe zinadai neno la siri, na humo ndani zimo picha zote za harusi ya binti wa Wembe.

Lawama ya jambo hili igawanywe sawasawa. Baada ya harusi Karani alisikia redioni kwamba wezi wa siku hizi hawangoji kompyuta iamke. Kuna kiprogramu kidogo kinachoamka cha kwanza ukibonyeza kitufe, ndicho kinachoamsha vingine vyote. Kikiwa na tundu, mwizi anapita hapo, na walinzi wakija kufumbua macho wanamkuta keshakaa sebuleni. Picha akakosa raha, benchi likaketi kikao, ikaamuliwa mashine itiwe kufuli palepale inapoamka. Na kwa kuwa kijiweni hakuna anayemwachia mwenzake hata kijiko cha sukari, kila mmoja aliandika kipande chake cha neno la siri, wengine wakiwa wamegeukia ukuta. Kuandika pembeni Karani alikataza. Wakapeana mikono, mashine ikaachwa inawaka. Jana umeme ulikatika, na betri ya mashine ile ni ya jina tu, ikazima. Ndiyo kwanza leo kufuli linadai ufunguo.

— Tujaribu tena, alisema Picha. Taratibu jamani. Karani, Gundi, Wembe, halafu mimi. Vilevile kama siku ile.

Wakageukia ukuta. Karani akagonga herufi zake kwa heshima, kama anatia sahihi. Gundi akagonga kwa hasira. Wembe akagonga kidogo, akajikuna, akasogea. Picha akamalizia kipande chake na kubonyeza. Mashine ikatoa mlio mkavu, ikakataa.

Picha akakifuta kioo kwa mkono wa shati. Kadi za kamera alishazifuta ili apigie kazi nyingine, ujinga ambao hata mwanafunzi wake asingeufanya, na hajamwambia mtu. Fundi wa kompyuta kasema ataitazama kesho kutwa. Na gari la binti linaondoka leo saa kumi, kumpeleka kwa mumewe, mbali. Asubuhi binti kaapa mbele ya kila mtu kwamba hatoki bila picha moja tu, ile ya bibi yake mzaa baba, aliyekaa kitini tangu miguu imwishie nguvu, halafu siku ya harusi akanyanyuka akacheza.

— Mimi nimeshaona tatizo, alisema Gundi. Soma hapo juu. Tarehe ya mashine imerudi nyuma miaka mingi. Inadhani ni zamani, Picha bado hajainunua. Sasa itatujuaje?

— Hiyo ni betri ndogo ya saa, alisema Picha. Imekufa. Haihusiani na neno la siri.

— Haihusiani vipi? Mimi ukiniamsha ukaniambia bado sijaoa, hata mke wangu nitamwuliza ametokea wapi.

— Mkeo ndiye angeshukuru, alisema Bi Moto.

— Kwa mujibu wa ile redio, alisema Karani, hili si suala la betri. Mwizi keshaingia. Amepita kwenye lile tundu, akabadilisha kufuli akiwa ndani. Tunabisha hodi kwenye nyumba ambayo si yetu tena.

— Hapo Karani umenena, alisema Wembe.

Picha akamtazama. Miaka yote wamekaa benchi moja, hajawahi kusikia Wembe akimwambia Karani amenena.

— Aingieje na umeme ulikatika? aliuliza Gundi.

— Aliingia kabla. Umeme ulipokatika akafungiwa humo humo.

— Basi huo mlio ni yeye, anaomba atolewe.

— Anaomba nini naye yuko harusini? alisema Bi Moto. Keki anayo, muziki anao.

— Msicheke, alisema Karani. Kiprogramu kile kikishaharibiwa hata ukifuta mashine nzima, mwizi anabaki. Anajificha chini kabisa, mashine ikiamka na yeye anaamka. Yawezekana sasa hivi anatusikiliza.

Gundi akavua koti, akakifunika kioo. Kisha akafikiri, akashusha sauti.

— Na kama anatusikiliza, anajua leo ni safari. Huyu ametumwa na mtu.

— Na nani?

— Na yule jamaa aliyemtaka binti, akakataliwa.

— Yule muuza magodoro? alisema Bi Moto. Yule hata redio inamshinda kuwasha.

— Hao ndio wa kuogopwa.

— Mimi naona, alisema Wembe, mashine ipumzishwe. Wiki mbili hivi. Itulie yenyewe. Binti naye asubiri, haraka ya nini, mume hatoroki.

Mteja wake alijitokeza mlangoni pa kinyozi, nusu kichwa kimenyolewa, nusu bado, akauliza kama kuna matumaini. Wembe akampungia mkono akae.

— Tujaribu tena, alisema Picha. Nawaombeni. Nikimkosesha yule mtoto picha ya bibi yake, sijui kamera nitaishikaje.

Wakageukia ukuta. Picha, paji la uso likiwa ukutani, akasikiliza. Siku ile ya kufunga, alipofika Wembe walisimama pale mpaka Gundi akauliza kama anaandika barua. Leo kidole kiligonga kidogo tu, kikanyamaza. Utamwambiaje rafiki yako, siku kama ya leo, kwamba unamhesabia herufi?

Mlio mkavu. Hapana.

— Shikamooni, alisema binti wa Wembe.

Alikuwa amesimama nyuma yao, mkoba begani, amevaa viatu vya safari alivyoshonewa na Gundi. Wakaitikia marahaba bila kupokezana, na wote watatu wakaanza kumweleza kwa pamoja: tarehe iliyorudi nyuma, mwizi aliyefungiwa, muuza magodoro. Baba yake alikuwa anafuta kikombe kisicho na uchafu. Binti alisikiliza mpaka mwisho, kama anavyosikiliza mtu aliyekulia karibu na benchi hili.

— Kwa hiyo kila mmoja anaandika kipande chake, mwenyewe?

— Mwenyewe, alisema Karani.

— Na hakuna aliyesahau?

— Hakuna.

— Basi niulize kitu kimoja, wazee wangu. Nani hapa hataki ifunguke?

Karani alitafuta "kwa mujibu wa", akaikosa. Gundi alitoa msumari mdomoni. Picha akatazama chini, miguu ya benchi.

— Gari ni saa kumi, Baba, alisema binti, polepole. Nitaondoka hata bila picha. Niliapa kwa uchungu tu. Ila nitaondoka vibaya.

Wembe alisogeza kikombe kando.

— Nyumba itakuwa na kimya, alisema. Mimi na bibi yako. Nilitaka siku mbili tatu tu.

— Najua.

— Geukeni, aliwaambia wenzake.

Karani akaandika chake, Gundi chake, kisha wakageuka wote, na Bi Moto pia, ambaye hakuhusika. Binti peke yake hakugeuka. Kidole kimoja kikaanza kugonga, kikagonga, kikapumzika, kikaendelea. Gundi alivuta pumzi atie neno, Picha akamkanyaga mguu. Nyuma yao walimsikia binti akicheka kidogo, halafu akivuta kamasi.

— Baba, alisema, na jina langu la utotoni nalo umeliweka humu?

— Kaa kimya. Mwizi anasikia.

Picha akamalizia kipande chake bila kumtazama mtu usoni. Mashine ikalia mlio mmoja laini, na kioo kikaanza kuwa cheupe.