Mihogo ya Matanga Yangu

Sogeeni, wanangu. Octave, muzaliwa wangu wa kwanza, keti huku mukono wa kuume. Salomon, ingia, acha kusimama mulangoni kama mutu aliyekuja kudai. Na wewe Mado, binti yangu, ninyanyue kichwa kidogo nione sura zao. Jua lingali juu na akili yangu ingali yangu, asije mutu kesho akasema Mama Léocadie alikuwa anasema maneno ya homa.

Niko na woga. Kufa hakunitishi, baba yenu amenitangulia na Padri amekwisha kunipaka mafuta. Ninaogopa nyinyi. Munafikiri nikifumba macho nimelala, lakini ukuta huu ni wa matete na masikio yangu hayajafa. Nilikusikia, Octave, ukimwambia enjeniere Yassine wa proje ya umeme wa maporomoko atafute motokari ya kunipeleka hospitali ya Kasongo, nikifia kule nizikwe kulekule, mbali na mto wetu. Na wewe Salomon, nilikusikia nyuma ya jikoni ukiwaambia vijana wako kwamba mama akifa mutafunga mto, na matanga mutaivuta mpaka mvua irudi, njia iharibike, mashine zikwame, proje irudi ilikotoka. Mumoja anataka kukihamisha kifo changu, mwingine anataka kukirefusha. Mumenifanya bariere ya kufunga barabara ningali ninapumua!

Sheria munaijua. Sisi ndio ukoo wenye ardhi, toka maporomoko ya Kalungwe mpaka njia ya Lusangi, na muke wa mwenye ardhi akifa na kuzikwa hapa, chuma haiingii mutoni, iwe jembe, iwe shoka, mpaka matanga iishe. Wakubwa waliiweka ili watu watulie, wakumbuke aliyeondoka. Hawakuiweka mupate kukomoana.

Octave, ninajua kinachokusukuma. Muke wako Laetitia alizalia gizani pale sentre ya afya, mafuta ya jenereta yameisha, muzalishaji ameshika tochi ya simu kwa meno, na simu nayo ikazima. Nilikuwa mule ndani. Macho yake niliyafumba kwa kupapasa. Tangu siku ile ukitazama maporomoko unaona taa zinazopotea bure, na mutu akikataa baraji, ule ukuta wa kuzuia maji, wewe unasikia anamukataa Laetitia. Sikulaumu, mwanangu. Mimi pia ninamulilia.

Na wewe Salomon, ulikwenda Salamabila na nguvu zako zote, mukachimba wewe na wenzako, na dhahabu ilipoonekana akatokea tajiri na karatasi yake, akazungusha uzio, mukafukuzwa kama kuku kwenye nafaka. Sasa ukiona mutu mwenye kofia ya plastiki anapima ardhi, damu inakuchemka. Hilo nalo ninalielewa. Lakini siku mulipolaza miti barabarani kuzuia mashine za proje, Octave alikuja na panga, na wewe ulikuwa na panga, na ni Mado aliyejitupa chini katikati yenu, akagaagaa kwenye vumbi mpaka mukaona haya. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Mado ana watoto wake. Atajitupa chini mara ngapi?

Na katika ugomvi huu wote hakuna aliyeuliza wanamuke. Watu wa proje walisikia kwamba huku tunaogopa mizimu ya maporomoko, wakaleta mbuzi na kitambaa cheupe; mulichinja, mukala, mukamwambia Yassine mizimu imekubali. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, maana sisi huku jikoni tuliletewa mifupa. Mizimu haikuwa na shida na mutu. Shida ilikuwa mihogo.

Chini ya maporomoko kuna vile vidimbwi vya mawe, na kila kidimbwi kina mwenyewe, mama anamwachia binti yake. Mihogo yetu ni ya uchungu. Isipolowa vizuri kwenye maji yanayotembea, inakaza miguu ya mutoto asitembee tena. Yassine anataka kuyapitisha maji ndani ya bomba, ayarudishe kule chini karibu na daraja. Kila kiangazi kikifika, vidimbwi vitabaki mawe makavu. Wanamuke waliliona hilo siku ya kwanza, ndiyo sababu vigingi vyake vya kupimia viling'olewa. Salomon, vijana wako waache kujisifu, si wao. Mado, usiiname, hakuna anayekugombeza.

Sasa shikeni haya, pumzi inanipungukia. Shamba la mugongoni mwa kilima ni la Octave. Michikichi ya baba yenu ni ya Salomon. Kidimbwi changu ni cha Mado, na asimunyang'anye mutu. Musinipeleke Kasongo, nizikeni karibu na baba yenu, na mto ufungwe kama sheria inavyosema. Lakini matanga ya muke haivutwi na haikatwi. Inamalizwa na bugali ya mihogo iliyolowa kwenye kidimbwi chake mwenyewe, na watoto wake wote wanaila kwenye sahani moja. Mukiila, mto umefunguka. Mukono mumoja ukikosekana kwenye sahani, umefungwa, na utabaki umefungwa.

Siku ya kuopoa mihogo, Octave, umulete Yassine, avue viatu, asimame majini na wanamuke. Mado amuonyeshe jiwe ambalo maji hayatashuka chini yake, hata kiangazi kikali namna gani. Mukisha kula, Salomon achonge alama pale kwa mukono wake. Yassine akikubali kutuachia maji yale, achimbe, na waya ya kwanza iende sentre ya afya. Akikataa, Octave, wewe ndiwe wa kwanza kumwambia afunge mizigo yake. Umenisikia? Wewe. Si ndugu yako.

Mado... maji kidogo. Yatosha.

Mungu awalinde, wanangu. Awape watoto wanaotembea... na taa ya kuwapokea. Asiwepo wa kumuzika ndugu yake kwa sababu ya mto. Octave, mukono wako uko wapi? Na wa Salomon? Leta. Hapa, kifuani.

Asubuhi nilimutuma Mado kidimbwini na mihogo ya matanga yangu. Watu watasema ni mukosi, mutu angali hai... waache waseme. Niliogopa mungebishana hata juu ya nani ailoweshe. Iko ndani ya maji sasa. Inalainika. Haitawangoja mumalize kugombana... ikipita siku yake, inaoza.

Musiache ioze, wanangu. Musiache...