Hatua Nne Kutoka Dirishani

Asubuhi hiyo kamba ya rangi ya chungwa ilikutwa imevutwa kwenye kiwanja cha kona, kigingi hadi kigingi, na kijiwe kizima cha kahawa kando yake kikachafuka. Bango lilisema nyumba itajengwa, mwenye wasiwasi aeleze kabla ya saa sita mchana. Shangazi muuza kahawa alilisoma mara tatu. Kamba ilikatiza mbele ya dirisha la chumba cha mama yake, bibi aliyevunjika nyonga, mwaka wa pili sasa hatoki kitandani. Dirisha hilo ndiyo matembezi yake: hapo hujua nani kahama, nani kanenepa, nani kanuniana na nani. Ukuta ukisimama pale, atabaki kutazama saruji mpaka siku yake ifike. Shangazi alikuwa na neno hilo moja tu la kusema, na hakuna aliyempa nafasi, maana kijiweni pale kuna sheria: anayesema ni mwenye kikombe mkononi. Yeye mkononi ana birika.

— Tuanze na ghorofa, alisema Mzee Faili, karani mstaafu anayetembea na kalamu mbili mfukoni mpaka leo. Ziko ngapi?

— Nne, alijibu Redio, fundi wa redio ambaye habari zake hufika kabla ya tukio. Matofali yaliyoshushwa jana si ya mchezo.

— Kwani yameshushwa?

— Yatashushwa.

Mzee Faili akaandika: ghorofa nne.

— Wazee wangu, mimi naona lile dirisha... alianza Shangazi.

— Kikombe, Shangazi, kikombe! Twende kwa utaratibu.

Kinyozi, ambaye mteja wake wa kwanza hajaamka bado, akanyoosha chake juu.

— Ghorofa nne za nini? Mtu na mkewe watagombania ngazi? Hiyo ni hoteli. Wageni watajaa, na wageni hawa ninavyowajua, watakuja na vinyozi wao.

— Hoja ya tatu, vinyozi wa kuja. Nani anaunga mkono?

— Mimi, akasema Kinyozi.

— Hoteli wapi! Redio akadakia. Juu watasimika mnara. Ukiwashwa tu, redio zote mtaani zinashika stesheni moja, ya kwao. Na nywele zinasimama zenyewe.

— Zinasimama kabisa?

— Kama brashi.

Kinyozi akawaza jinsi kazi itakavyokuwa nyepesi, nusura aunge mkono ujenzi.

— Ninyi mnatazama juu tu, Mzee Faili akawakemea. Chini je? Anayejenga juu hivyo lazima achimbe chini kiasi hichohicho. Kuna handaki, na litapita chini ya benchi hili. Siku moja unakunywa kahawa yako kwa amani, mara puu, uko sebuleni kwa watu, hata hodi hujapiga.

Shangazi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Kisha akajichukia kwa kucheka. Saa tano ilishapita, na hoja zilishafika kumi na nne, za mnara, za handaki, za nywele, na ya mama yake haimo.

Ndipo akatokea binti mmoja mwenye kofia ngumu ya ujenzi, futi ya kupimia kiunoni na fomu mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba! waliitikia kwa sauti nzito ya wenye mtaa.

— Mimi ndiye msimamizi wa ujenzi. Nimekuja kusikiliza majirani.

Mzee Faili alisimama, akakohoa, akasoma zote kumi na nne. Binti alisikiliza hata ya nywele bila kutabasamu. Kalelewa yule.

— Nyumba haina ghorofa, alisema. Vyumba vitatu, ya mwalimu na wanawe. Sasa, katika ninyi, nani anapakana na kiwanja?

Kinyozi anakaa nyuma ya soko. Redio anakaa kule shuleni. Mzee Faili hupanda mabasi mawili kila asubuhi kuja kukaa pale.

— Mimi napakana kwa mazoea, alisema Mzee Faili.

— Fomu haina sehemu hiyo, mzee.

Shangazi akatua birika chini.

— Napakana mimi. Lile dirisha ni la mama yangu, hatoki kitandani. Mkijenga hapo mlipovuta kamba, mtakuwa mmemzika angali hai.

Binti hakubishana. Alikwenda dirishani, akainama mpaka usawa wa kitanda, akatazama anachotazama bibi. Akarudi akipima.

— Nyumba ikisogea hatua nne kuelekea kona, ataendelea kuona barabara. Ila mstari utapita hapa mlipokaa. Hili benchi ni la nani?

Miaka yote hiyo wamelikalia, na hakuna anayejua lililetwa na nani.

— Shangazi, Redio akabembeleza, hata hatua mbili si zinatosha? Bibi atageuza shingo kidogo.

Shangazi alilitazama benchi. Wateja wake wote ni makalio yale matatu na mengine yanayoyafuata. Benchi likiondoka, kahawa atamuuzia nani?

— Nne, alisema. Ziwe nne.

Binti akang'oa kigingi, akakipigilia palepale katikati ya miguu ya Mzee Faili, naye akaikunja harakaharaka. Hapo sauti ikatoka dirishani, kavu lakini nzima, ya mtu aliyesikia kila kitu tangu asubuhi:

— Wahamishie ng'ambo ya barabara, ukutani kwa fundi viatu! Kule nitawaona vizuri.

— Lakini bibi, alilia Kinyozi, kule ni mbali! Hutatusikia!

— Ndiyo maana, mwanangu.