Fundi Sikio, Aliyeachia Nafasi Yake Kiwandani

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka fundi wa kiwanda cha karatasi. Wenzake walimwita Sikio. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na miaka sitini na tatu.

Kwa nini Sikio? Mashine ya kukatia daftari ilikuwa haijakwama, yeye ameshajua. Anainamisha kichwa, anasema, "Huyu leo ana kikohozi." Kweli, kabla ya chai, kisu kimeanza kuchana karatasi. Miaka ishirini na sita alifanya kazi hiyo. Ishirini na sita!

Kisha kiwanda kikapunguza watu. Arobaini na mmoja waliitwa kantini, wakapewa barua. Sikio alikuwamo.

Mkewe anakumbuka: "Alirudi saa nne asubuhi. Nikadhani anaumwa. Akaniambia, 'Mama, wamenipumzisha.' Akachukua fagio, akafagia uwanja wote. Na mimi nilikuwa nimeshaufagia."

Miezi miwili haikuisha, meneja akapiga hodi. Mashine zilikuwa zinakwama kutwa. Walimtaka arudi. Nafasi ilikuwa moja tu.

Sikio akamtaja mwenzake wa zamu, mwanamke aliyekuwa akilea watoto wanne peke yake. Naye alipunguzwa siku ileile.

"Mpeni yeye. Mimi nitamfundisha."

"Hajui mashine kama wewe," meneja akasema.

"Hata mimi sikuzaliwa nayo."

Wiki tatu alikwenda kumfundisha, kisha akabaki nyumbani, akitengeneza cherehani za watu barazani. Mkewe hakufurahi. "Nilimnunia, sikufichi. Paa linavuja, yeye anagawa kazi! Watu husema kutoa ni moyo. Nikamwambia, baba, moyo hauezeki nyumba!"

Wasikilizaji wapendwa, yule mwanamke leo ni msimamizi wa zamu. Mazikoni alisimama, akasema, "Alinifunga macho kwa kitambaa mbele ya mashine. Akaniambia, 'Sikiliza kwanza. Macho yana haraka.'" Sauti ikamkatika. Ndipo mke wa marehemu alipoinuka, yeye aliyenuna miaka ile, akamshika mkono, akamketisha kwenye mkeka wa wafiwa. "Kaa hapa," akamwambia. "Wewe ni wa kwetu."

Kwa mjane huyo na wanawe, tunasema poleni sana. Na wewe unayetusikiliza, kazi unayoifanya leo kuna aliyekufundisha. Kama yu hai, mpigie simu. Usingoje mazikoni.